Mpira Uko Wapi?

Juzi nilisikiliza mechi redioni, na kwa dakika nyingi sikujua mpira uko wapi. Nilielezwa bei ya usajili wa mshambuliaji, nikapewa utani wa watangazaji wenyewe kwa wenyewe, nikasomewa matangazo ya kubeti. Goli likaingia katikati ya tangazo. Nilisikia kelele za jukwaani kwanza, maelezo yakaja baadaye.

Mimi sioni tangu kuzaliwa. Utotoni mwangu Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya kwanza vilikuja 1994. Siku ya Simba na Yanga mtaa mzima ulikuwa sawa na mimi, tumeizunguka redio ambayo betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Hata goli la Peter Tino kule Ndola, 1979, lililoipeleka Taifa Stars fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria, Watanzania wengi waliliona kwa masikio.

Mafundi wa enzi hizo, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary wa Radio Tanzania Dar es Salaam, walitujengea uwanja kwa maneno. Nani anashambulia lango la kusini, nani la kaskazini. Kijani na njano za jezi kwangu yalikuwa majina tu, lakini kusini na kaskazini nilizijua kwa vidole. Nilikuwa na kizibo cha soda, na mkeka ndio uliokuwa uwanja wangu: mshono wa kati ndio mstari wa katikati, pindo ndiyo nje. Winga akipewa mpira upande wa kulia, kizibo kinateleza kulia. Krosi ikipigwa, nakirusha. Kaka zangu wenye macho yao, wakichelewa kufika, waliinama juu ya mkeka wakaniuliza mpira uko wapi, nami nikawaonyesha.

Na sauti ile ya redioni ilikuwa na hesabu. Ilitulia mpira ukiwa kwa mabeki, ikapanda hatua kwa hatua kadiri boksi lilivyokaribia, hata kabla ya shuti nikawa nimeshasimama. Baada ya goli mtangazaji alijua kunyamaza kidogo, jukwaa liseme lenyewe.

Televisheni ilipoingia, redio nazo zikaanza kutangaza kama televisheni. Siku hizi tunaambiwa "anampa pale", "anaurudisha kule", kana kwamba sote tuna picha mbele yetu. Kizibo changu leo kingekaa palepale hadi filimbi ya mwisho.

Vijana wanaotangaza sasa hawajakosa sauti wala bidii. Wamesahau nani anawasikiliza: dereva wa lori, mama lishe, mlinzi wa usiku, mtoto asiyeona. Ndugu zangu, tuambieni mpira uko wapi, nani anao, na anaelekea lango lipi. Mengine yasubiri mpira utoke nje.