Mkono Unaoandika PV

Muulize mwanafunzi wa Majengo, hapa Goma, anayepanda pikipiki asubuhi kwenda Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM): nani anaongoza chuo chenu? Atakutajia rekta. Hajakosea, ila hajamaliza. Kisheria, katika chuo cha serikali rekta huteuliwa na Rais wa Jamhuri, naye huongoza kamati ya usimamizi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo katibu mkuu wa taaluma, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Lipo pia baraza la chuo, halafu mabaraza ya fakulte, halafu departema. Na katika kila kikao kuna mtu, mara nyingi asistanti au mkuu wa kazi (CT), aliyekaa pembeni ya meza na kalamu: katibu wa kikao. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Jirani yangu mmoja hapa Majengo aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika fakulte moja ya mji huu. Alinionyesha kwa karatasi tupu, maana PV zenyewe, yaani kumbukumbu rasmi za vikao, hazitoki ofisini. Kwanza majina ya waliohudhuria na saini zao. Idadi isipotimia, hakuna kikao. Kisha PV iliyopita husomwa na kurekebishwa kabla jambo jipya halijaguswa. Maprofesa wawili wakizozana nusu saa juu ya nani afundishe somo fulani, yeye ataandika mistari mitatu: hoja ya huyu, hoja ya yule, kilichoamuliwa. Makelele hayaandiki. Na jambo ambalo fakulte haina mamlaka ya kulikata, kama kumpandisha mwalimu cheo, haliandiki kuwa limeamuliwa. Anaandika kwamba baraza limependekeza, na kwa nini, ili walio juu wakute sababu mezani. Ukomo wa madaraka ya kila baraza anaujua kama anavyojua njia ya kwao.

Kazi inakuwa ngumu zaidi siku ya delibera, juri ya walimu inapokata matokeo ya mitihani. Juri imefungiwa chumbani, karatasi kubwa ya alama imetandazwa, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Kosa likipatikana, halifutwi kwa wino mweupe. Tarakimu ya zamani inakatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, mpya inaandikwa kando, rais wa juri anatia parafu, saini yake fupi. Nje vijana wanasubiri matokeo yabandikwe kwenye valvu, ubao wa matangazo; wengine wazazi wao wameuza mbuzi kulipa minerval, yaani karo. Katibu hakimbizwi na kelele zao. Anarudia jumla ya kila mstari kuanzia juu, kisha kuanzia chini, mpaka zilingane.

Uzito wa kazi hii unaonekana ukikumbuka tulikotoka. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), chini ya rekta mmoja aliyekaa Kinshasa. Ni mwaka 1981 tu ndipo kila kimoja kikarudishiwa uhuru wake. Goma ilipata tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani mwaka 1993, na likawa chuo kamili mwaka 2004. Kujiamulia wenyewe, kwa baraza letu, ni jambo la juzi tu. Na katika mji ambao sehemu yake ya katikati iliungua kwa lava tarehe 17 Januari 2002, nakala ya pili ya PV iliyohifadhiwa mahali pengine si anasa.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Wakuu wa vyuo vya Goma, wafundisheni makatibu vijana kazi hii wakiwa kando ya wazoefu, na muwape kabati lenye kufuli. Nawe mwanafunzi, ukiona alama yako haieleweki, usiende kumlilia profesa nyumbani kwake. Andika rekuri, barua ya kukata rufaa, ipeleke kabla muda haujapita, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ikifika kwenye juri, PV itafunguliwa.