Steven Kanumba: Miaka ya Mwanzo ya Mchezaji wa Filamu

Marehemu hasemwi ila kwa wema, nayo ni adabu njema. Lakini tusipoipima kazi yake twamnyima heshima iliyo kubwa zaidi. Hapa Kirua Vunjo, kama kwingineko nchini, Steven Kanumba husifiwa kwa machozi kuliko kwa hoja.

Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Chuo chake kilikuwa kundi la Kaole, lililoonyesha michezo yake katika televisheni ya ITV. Mchezo wa namna hiyo huendelea juma baada ya juma, na mtazamaji aliye katikati ya mapishi na mazungumzo hana budi kuvutwa kwa sauti na kwa jicho. Huko ndiko alikopata usemi ulio wazi, na huko huko akajifunza kuzidisha. Katika Dar 2 Lagos (2006) alicheza pamoja na Wanijeria, nao mtindo wao ulikuwa uo huo: huzuni hutolewa yote, lisibaki la kukisiwa.

Lakini mtazame katika Uncle JJ, anapocheza na watoto. Sauti hushuka, uso hutulia, naye husikiliza kabla ya kujibu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sanaa yake ilipoanza kukomaa.

Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, mwenye umri wa miaka 28, umri ambao mchezaji ndiyo kwanza huanza kujua la kupunguza. Basi vijana wanaomwiga wasiyachukue machozi yake tu. Wajifunze na ule utulivu ambao hakupata muda wa kuukamilisha.