Magugu, Ngano na Sheria ya Madini

Mtu akitaka kujua kama sheria ni njema, asitazame nia ya walioitunga tu. Atazame pia ni nani aliyeumia kwa ajili yake. Leo twataka kupima sheria moja ambayo watu wengi wa Kivu waliiita "sheria ya Obama", kwa kuwa Rais huyo wa Marekani aliitia sahihi tarehe 21 Julai 2010. Kifungu chake cha 1502 chahusu madini ya nchi yetu. Wengine wamekisifu sana, wengine wamekilaani. Sisi tukipime kwa mizani ya Kikristu.

Yafaa kwanza tuseme kwa haki kifungu hicho kilitaka nini. Watu wenye silaha walikuwa wakijitajirisha kwa kasiteriti, koltani, wolframu na dhahabu. Walitoza watu kodi migodini na barabarani, na fedha hizo ziliwasaidia kuendelea na vita. Basi, wabunge wa Marekani wakaamuru kwamba kampuni zinazouza hisa katika nchi yao zitangaze kila mwaka kama madini wanayotumia yatoka Kongo au nchi jirani, na kama yamewanufaisha wenye silaha. Hata maaskofu wetu waliunga mkono nia hiyo. Mwaka 2012 Mhashamu Nicolas Djomo, aliyekuwa rais wa Baraza la Maaskofu wa Kongo, alitoa ushuhuda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani juu ya mateso ya watu wetu. Nani atamlaumu mchungaji anayelilia kondoo zake?

Lakini nia ni jambo moja, na njia ni jambo jingine. Kifungu hakikukataza mtu kununua madini ya Kongo. Kilidai taarifa tu. Sasa mfanyabiashara aliye mbali, akidaiwa taarifa ngumu juu ya mfuko wa kasiteriti uliotoka msituni mgongoni mwa mtu, atafanya nini? Atauacha mfuko huo na kununua penginepo. Ndivyo ilivyokuwa. Septemba 2010 Rais Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, akaufungua tena Machi 2011. Migodi ikafunguliwa, lakini soko likafungwa: tangu Aprili 2011 viwanda vingi vya kuyeyusha madini vilikataa mzigo usio na cheti. Na cheti kilikuwa wapi? Huko Nyabibwe, Kivu ya Kusini, kazi ya kutia alama kwenye mifuko ilianza mwishoni mwa 2012. Rubaya, katika Masisi, ilingoja mpaka 2014. Je, tumbo la mtoto laweza kungoja miaka mitatu?

Tazameni jinsi umaskini huo ulivyotembea. Mchimbaji akikosa mnunuzi, muuza mihogo naye akosa mnunuzi. Kule Walikale, ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya Kilambo kuchukua kasiteriti zilileta pia vitu vya dukani kutoka Goma. Mzigo wa kasiteriti ulipokosekana, vitu vikawa haba. Na kwetu mgonjwa hulipa. Mama asiye na fedha huchelewa kumpeleka mtoto kituo cha afya, na malaria haichelewi. Mwaka 2016 watafiti watatu, Parker, Foltz na Elsea, walichapa hesabu yao juu ya vijiji vya mashariki ya Kongo. Kwa makisio yao, katika vijiji vya karibu na migodi iliyoguswa na sheria, hatari ya mtoto kufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja iliongezeka kwa asilimia 143 au zaidi. Maana yake, mahali walipozikwa watoto wawili, sasa walizikwa karibu watano. Hao hawakumiliki bunduki hata moja.

Na wenye bunduki je? Dhahabu yafichwa mfukoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba dhahabu ya upande wetu iliendelea kutoroshwa kwenda Kampala. Hivyo aliyebeba mfuko mzito wa kasiteriti alizuiwa, na aliyeficha dhahabu akapita. Vita navyo havikukoma. M23 waliingia Goma Novemba 2012; Aprili 2024 waliteka Rubaya yenye koltani. Na sisi wa Beni twajua tangu Oktoba 2014 kwamba watu huuawa hata mahali pasipo na kasiteriti.

Watetezi wa sheria watajibu kwamba katika migodi kadhaa askari waliondoka, na kwamba kampuni ambazo zamani hazikuuliza neno sasa zaulizia. Ni kweli, na tusiyadharau hayo. Lakini aliyelipa gharama hakuulizwa. Wahenga wamesema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: machoni pa asiyeubeba waonekana mwepesi.

Bwana wetu alitufundisha mfano wa magugu katika shamba la ngano. Watumishi walikuwa na bidii, wakataka kung'oa magugu mara moja. Mwenye shamba aliwazuia, wasije wakang'oa na ngano pia. Hakusema magugu ni mema. Alisema ngano ina thamani. Kanisa nalo limeyaweka wazi mambo haya katika Muhtasari wa Mafundisho ya Jamii uliotolewa mwaka 2004, namba 507: vikwazo vya uchumi viwe na shabaha inayojulikana, vipimwe mara kwa mara, visidumu bila mwisho, wala visiwe fimbo ya kuwapiga watu wote pamoja, hasa wanyonge. Tukikipima kifungu cha 1502 kwa maneno hayo, twaona kwamba shabaha ilikuwako. Kilichokosekana ni kuwahesabu wanyonge tangu siku ya kwanza.

Je, waovu waachwe? La hasha. Tangu 2005 Umoja wa Mataifa umekuwa ukiwataja kwa majina watu wanaochochea vita vya Kongo, ukiwakataza kusafiri na kuzuia mali zao. Adhabu ya namna hiyo nayo yaweza kukosea, lakini yamtafuta mtu mwenye jina, haikifungi kilima kizima. Ikipasa kuzuia biashara, basi njia ya halali ifunguliwe kwanza, cheti kimfikie mchimbaji, ndipo mlango mwingine ufungwe.

Wasomaji wa Vuhovi wasiseme, "Sisi ni wakulima, mambo ya migodi hayatuhusu." Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu ya kahawa, kakao na mazao mengine: yasitoke mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mahali pa kila shamba pajulikane. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Nia yake pia ni njema, maana msitu ni zawadi ya Mungu. Lakini ni nani atakayekuja kupima shamba la mjane mwenye miti mia mbili ya kahawa mlimani? Asipokuja mtu, mnunuzi aweza kuliacha, kama alivyouacha mfuko wa Walikale.

Basi vyama vya wakulima na parokia zetu wasingoje. Waulize mapema kazi hiyo itafanywa na nani, kwa fedha ya nani, na lini. Maswali hayo hayakuulizwa kwa wakati migodini, na watoto ndio waliolipa.