Mpangilio wa Picha na Ukweli: Kanda ya Rwampara

Mhariri wa filamu anayetumia kompyuta huchagua kipande cha picha katika mstari wa wakati, akakisogeza mbele au nyuma, na vilivyosalia vikajipanga upya. Tendo ni jepesi, lakini athari yake ni nzito. Kanda iliyorekodiwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, yatuwezesha kulipima jambo hili.

Katika kanda hiyo Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, anawahutubia makuruti, na miongoni mwao wamo watoto. Tuchukue vipande viwili tu: msemaji, kisha nyuso za watoto. Vikifuatana hivyo, watoto huonekana wakiitikia wito. Nyuso zikitangulia, hotuba huwa jibu kwa watu waliokwisha kukusanyika. Nyuso zikiondolewa, hubaki maneno ya mwanasiasa tu. Hakuna neno lililoghushiwa, ilhali maana zimekuwa tatu.

Hadithi simulizi nayo huruhusu kupangua matukio. Lakini fanani yu mbele ya hadhira, nayo yaweza kumhoji. Mhariri haonekani. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliitegemea kanda hii walipomtia Lubanga hatiani tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Kwa maoni yetu, uzito wake umo katika kuwaonyesha msemaji na wasikilizaji mahali pamoja, siku moja. Mtunzi wa filamu juu ya Ituri ana haki ya kukata na kupanga; asimtenge msemaji huyo na watoto waliomsikiliza.