Inchi Mbili za Kupumua

Upepo ukishuka Kiserian kutoka vilima vya Ngong, karatasi haitulii mezani. Ndiyo maana fundi ninayemzungumzia ana mawe manne ya mviringo na pasi kuukuu ya makaa ambayo haijaona moto kwa miaka. Hutandaza karatasi ya kaki, akaweka jiwe kila pembe na pasi katikati, ndipo akashika penseli. Nje, matatu za 126 zinaita abiria wa Nairobi na mbuzi wanaswagwa kuelekea sokoni. Yeye hana habari. Anachora kwapa.

Cherehani anayo, lakini kinachomlisha siku hizi ni patani. Anauza mchoro wa nguo. Nguo yenyewe watashona wengine. Mafundi wengi wa Barabara ya Magadi hukata moja kwa moja: mteja anapimwa, chaki inapita juu ya kitambaa, mkasi unafuata. Ni ustadi wa kweli, na sitaubeza. Ila ustadi huo hukaa kichwani mwa mtu mmoja, naye akihama huondoka nao. Mwenye kuuza patani ana kazi nyingine: anamkatia mtu asiyemjua, kwa mkono wa fundi asiyemjua.

Nilimtazama akichora gauni la kifua cha inchi 36. Alikigawa kwa nne akapata tisa, kisha akaongeza nusu inchi.

"Hii ya nini, mama?" nikamuuliza.

"Ya kupumua."

Nusu hiyo mara nne ni inchi mbili kuzunguka mwili mzima: za kuvuta pumzi, za kuinama, za kumbeba mtoto. Gauni likitundikwa ukutani hazionekani. Mvaaji akiketi, ndipo utajua kama zilikuwepo.

Mistari iliyonyooka aliimaliza upesi. Kwenye kwapa alikaa karibu saa nzima. Kwapa la mbele huchimbwa zaidi kuliko la nyuma, kwa kuwa mikono yetu hufanya kazi mbele, na mgongo unahitaji kitambaa cha kuifuata. Alipochora mviringo wake, aliisimamisha tepu kwa ubavu, akaitembeza juu ya mstari polepole, maana tepu iliyolazwa bapa haipindi. Kisha akapima kichwa cha mkono kwa njia ile ile. Hicho lazima kizidi kwapa kidogo, kama inchi moja hivi, na hiyo ziada haikunjwi. Hubembelezwa chini ya sindano mpaka ipotee na bega litoke duara. Ikizidi mno, bega linavimba kama andazi. Ikipungua, mvaaji hawezi kuinua mkono kushika chuma cha matatu. Alifuta mara tatu. Karatasi ilipoanza kutoboka, akachukua nyingine bila kulalamika.

Halafu zikaja alama. Kikato kimoja pembeni mwa kwapa la mbele, viwili nyuma, na kwenye mkono vivyo hivyo, ili mbele isishonwe nyuma. Mshale mrefu unaonyesha mtande wa kitambaa unakopaswa kuelekea. Ukipuuzwa, sketi itajipinda miguuni baada ya kufuliwa mara mbili. Hakuna neno hata moja hapo, na fundi yeyote anaelewa.

Kazi hii ya kuuza patani kwa saizi ina umri wake. Mwaka 1863, Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Sterling katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alianza kuuza patani za karatasi zilizopangwa kwa saizi mbalimbali. Kabla yake patani nyingi zilitoka kwa saizi moja tu, na mnunuzi akaachiwa hesabu ya kupanua. Ni jimbo hilo hilo ambalo wafanyabiashara wake wa Salem walileta Unguja kitambaa tulichokiita merikani. Wakati Butterick anakata karatasi zake, vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao vilikuwa vimeifanya merikani kuwa adimu katika soko la Unguja. Leo, pale Kiserian, viwili hivyo vinakutana mezani: kila patani mpya hushonwa kwanza kwa merikani, kabla kitenge cha mtu hakijaguswa.

Kupanua saizi nako si kukuza picha. Kutoka 36 hadi 40, kifua kinaongezeka inchi nne, lakini bega linaongezwa kidogo sana. "Mtu akinenepa," anasema, "mifupa ya bega haimfuati."

Wateja wa mbali huwatumia patani kwa simu baada ya malipo ya M-Pesa kuingia, nao huichapisha kwenye saiba, katika karatasi ndogo ndogo za kuunganisha kwa gundi. Kwenye ukurasa wa kwanza huchora mraba wa inchi mbili na kuandika: pima hapa kwanza. Alijifunza kwa hasara ya mtu. Mashine ya saiba moja ilibana ukurasa kwa asilimia nne ili utoshee, na gauni la inchi 38 likatoka 36 na nusu. Pumzi karibu yote ilibaki kwenye mashine. Fundi aliyelikata hakukosea hata mstari mmoja.

Jioni ile simu yake ililia. Mnunuzi wa Kitengela alikuwa ametuma picha: mwanamke amevaa kitenge cha rangi ya chungwa, mkono mmoja juu, anacheka harusini. Mimi nilitazama uso na rangi. Yeye aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka uso ukatoka nje ya kioo, akatazama chini ya ule mkono ulioinuliwa, kitambo.

"Limekaa," akasema, akarudisha mawe juu ya karatasi.