Vijineno Vinavyofuata Kitenzi

Mtoto wa Butiama au Bunda huanza na lugha ya nyumbani, Kizanaki, Kijita, Kikwaya au Kiikizu. Shule ya msingi humkabidhi Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Insha zake za mwanzo zinarudi na wino mwekundu, na mara nyingi kosa haliko kwenye kitenzi wala nomino. Wino umeangukia vijineno vya herufi mbili tatu: to, at, on, for, with. Wapo walimu wanaovifundisha vihusishi hivi kwa ufundi mkubwa, na ufundi wao haujasifiwa vya kutosha.

Kiswahili huiweka sehemu kubwa ya kazi hiyo tumboni mwa kitenzi. Mtu akihama Musoma ameondoka. Akihamia Musoma amekuja kukaa. Mtoto akimkimbia mama, kuna jambo amelifanya. Akimkimbilia, anataka kubebwa. Silabi moja imegeuza mwendo mzima, na lugha za Kibantu za Mara nazo zina mtindo huohuo. Kwa hiyo mwanafunzi wa kata ya Buswahili anaelewa vizuri sana kitendo kinaelekea wapi. Amekuwa akielewa tangu alipoanza kusema. Kilichobaki ni kujua Kiingereza kimeuficha wapi mwelekeo huo. Zamani Kiingereza nacho kilikuwa na viambishi mwishoni mwa nomino vilivyosaidia kazi hii. Vilipopotea, karne baada ya karne, vihusishi vikaurithi mzigo, na mgawanyo wake haukufuata mpango wa mtu yeyote.

Ndipo tafsiri ya neno kwa neno inapomwangusha kijana. Kwa kuwa sisi huzungumza kuhusu jambo, anaandika “discuss about”, kumbe “discuss” haihitaji msaidizi. Upande wa pili nako kuna mitego: sisi tunasikiliza redio, tunamsubiri mgeni na kumtegemea ndugu bila kihusishi chochote, ilhali Kiingereza kinadai “listen to”, “wait for”, “depend on”. Dada ameolewa na mvuvi. Kijana anaandika “married by”, na mvuvi anageuka kuwa mfungishaji wa ndoa.

Nilimwona mwalimu mmoja akifundisha “throw” katika kidato cha pili. Alimrushia msichana wa dawati la mbele kipande cha chaki, polepole, naye akakidaka. Ubaoni mwalimu akaandika “to”. Kisha akainua mkono kama anayemlenga mjusi aliyekuwa ukutani, akaushusha bila kurusha, akaandika “at”. Kwetu vyote viwili ni kurushia: rafiki hurushiwa mpira na mbwa hurushiwa jiwe. Kiingereza kinamtenga anayepokea na anayelengwa. Akahamia kwenye “shout”. Ukiwa ufukweni ukampazia sauti mvuvi aliye mtumbwini ili akusikie, hiyo ni “shout to”. Ukimfokea mtoto, ni “shout at”. Darasa likaanza kuona lenyewe kwamba “at” ina ncha, na kwamba ncha hiyohiyo imo katika “laugh at”, “point at”, hata “look at”, jicho likiwa limelenga kitu. Hakukariri mtu kitu siku ile, na bado ninaamini walitoka na vitenzi vitano vilivyokaa kichwani sawasawa.

Mwana wa Butiama aliifanya kazi hii kwa kuirudisha kinyume. Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaja kufundisha Tabora na Pugu, na mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari. Mfasiri wa aina hiyo huvichukua vijineno vya Kiingereza na kuviyeyusha ndani ya vitenzi vyetu, kimoja kimoja, huku akichunga mizani ya mstari. Nyerere hakuridhika na mara moja. Mwaka 1969, akiwa bado Rais, alitoa toleo alilolipitia upya, Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo Mabepari wa Venisi.

Lakini si kila kihusishi kina sababu inayoonekana. Kwa nini “congratulate on” na si “for”? Hapo mwalimu mzuri haungi hadithi. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924, aliliona tatizo hili kwa wanafunzi wake, na kamusi aliyoiandaa na wenzake, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford mwaka 1948, ilionyesha kila kitenzi kinatumikaje katika sentensi na kinaandamana na nini. Kamusi za wanafunzi zilizo shuleni kwetu leo zinafuata njia hiyo. Katika daftari la msamiati, basi, “depend” haiandikwi peke yake. Inaandikwa “depend on” kwenye mstari mmoja, kama jina la mtu na la baba yake, na chini yake sentensi ambayo mwanafunzi ameitunga mwenyewe: wavuvi, mvua, bei ya dagaa.