Upande wa Pili wa Santuri

Wapenzi wa santuri husema kwamba sauti yake ni halisi kuliko ya simu. Dai hili ni dhaifu. Sindano inapokaribia katikati ya sahani, njia inayopitia katika kila mzunguko hupungua urefu, na sauti za juu huanza kufifia. Vumbi nalo hukwaruza. CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, hazina udhaifu huo. Kwa hiyo mvuto wa santuri tuutafute kwingine, yaani katika umbo lake.

Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyotolewa Marekani mwaka 1949, hubeba dakika nne au tano hivi kila upande. Rumba ya Kongo ilikuwa ndefu kuliko hapo. Ndiyo maana bendi nyingi, OK Jazz ya Franco ikiwemo, ziliugawa wimbo mmoja pande mbili: mara nyingi mashairi hutangulia, kisha upande wa pili sebene, magitaa yakichukua usukani. Mwanafunzi wa fasihi atalitambua jambo hili, kwa kuwa mizani nayo hulibana shairi nalo likapata nguvu. Msikilizaji pia hupewa kazi. Sharti anyanyuke, aigeuze sahani, aamue kama anaendelea.

Huku kwetu mpakani, muziki huo haukusubiri mashine ya bei ghali. Kutoka Kasindi hadi Mpondwe na Bwera ni mwendo mfupi, na rumba imesikika kwa redio, baa na harusi hadi Kasese mjini. Hadhira yake ni umati. Hapa ndipo ninapoachana na wapenzi wa spika za gharama kubwa. Wao huweka kiti kimoja mahali hasa ambapo sauti za spika mbili zinakutana. Anayekaa pembeni hupata mabaki. Muziki uliotungwa uchezwe na wengi unakuwa mali ya mmoja. Mashine imesafisha sauti na kufukuza hadhira.

Hata hivyo, tusiwacheke. Kukaa kimya ukifuatilia gitaa la mi-solo likipita kati ya la ridhimu na la solo ni usomaji makini, uleule tunaodaiwa darasani tunapochambua riwaya za Kezilahabi. Na usomaji huo hauhitaji mamilioni ya shilingi.

Linalonishughulisha zaidi ni jina. Karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri humtaja msanii na kampuni, na mara nyingi mtunzi pia. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952. “Masanga” ikabaki na mwenyewe hadi leo. Siku hizi, Bwera na Kasese, nyimbo hupakiwa kwenye kadi ya memori mamia kwa mara moja, na nyingi hubaki na namba tu. Humo yamo mashairi ya Kiswahili cha Kongo, bila mtunzi wala mwaka. Sisi tunaolalamika kwamba Kiswahili cha upande huu wa Uganda kina uhaba wa matini tunayacheza kila siku, na hatuwezi kuyanukuu katika insha hata moja.

Kama burudani hii ya wenye pesa ina somo kwetu, ni hilo: tuandike jina kwanza, kisha tusikilize pande zote mbili.